Dakika Kumi na Mbili za Kutogusa Kitu

Jumatatu, 1 Desemba

Habari yako, Mpekuzi! Ndiyo, wewe uliyefungua daftari hili bila ruhusa. Sikulaumu. Hata mimi ningelifungua. Soma tu, ila usimwambie bibi yangu.

Leo mashindano yameanza. Kila Desemba, hapa kiwanda cha chuma cha Piedra Parda, tunahesabu uchafu. Si wa sakafuni! Ule ulio ndani ya chuma chenyewe, vijichembe ambavyo macho hayavioni. Injinia Zoraida wa maabara anachukua kipande kutoka kila chungu cha chuma kilichoyeyuka, anakisugua hadi king'ae kama kioo, anachungulia kwa hadubini, anahesabu madoa. Namba anaiandika kwa chaki ubaoni, mlangoni pa kantini. Siku kumi. Zamu yenye madoa machache inabeba bendera ya Bikira Maria tarehe kumi na mbili, sikukuu yake, mji mzima ukiandamana kwenda kanisani. Na kwa desturi anayeishika ni msaidizi wa chungu wa zamu hiyo.

Msaidizi wa chungu wa zamu A ni nani? Mimi! Ubaldo Rentería! Miaka ishirini na mitatu, nimejifundisha mwenyewe kwa video za simu, mia tatu na kitu!

Tatizo dogo. Nimeshamwambia bibi kwamba bendera nimepewa. Ulimi uliteleza, tulikuwa tunakunywa supu. Bibi Hermila akalia. Akafuta machozi, akaanza kushona shati. Halafu akapiga simu mjini Torreón. Ndugu kumi na wanne wanakuja na lori. Wanakuja na viti vyao.

Ubao wa leo: B kumi na moja. A kumi na nne. C sikusoma. Nani anasoma ya C? Wale kazi yao kusinzia.

Fidencio Garza, msaidizi wa chungu wa zamu B, alikuwa pale ubaoni. Akanisalimia vizuri, akaulizia afya ya bibi. Anajifanya! Huyu tayari ndiye kiongozi wa matachín, wacheza ngoma wa maandamano, anatangulia na manyoya yake kichwani na njuga miguuni, watu wanampigia makofi. Na bado macho yake yako kwenye bendera yangu. Namjua. Anataka vyote.

Jumanne, 2 Desemba

Hila ya kwanza. Tamu!

Chini ya chungu kuna tundu linalopuliza gesi. Mapovu yanapanda, yanasomba vijichembe, yanavipandisha hadi kwenye mavi ya chuma, lile tabaka linaloelea juu kama utando wa maziwa. Sasa Fundi Ausencio, mkubwa wangu, anafungua gesi kidogo mno, utadhani anapoza uji wa mtoto. Dakika kumi na mbili! Anakaa. Anatafuna mbegu za alizeti. Anasikiliza besiboli redioni. Miaka thelathini na moja ya kutofanya kitu, na anaitwa fundi.

Nikapiga hesabu. Povu dogo linabeba uchafu kidogo. Povu kubwa je? Eh! Eh!

Alipoinama kutafuta stesheni, nikafungua koki hadi mwisho.

Mpekuzi, chuma kilisimama wima. Kilipasua utando, kikafungua jicho jeupe, kikatema. Tone moja likatua juu ya redio. Sekunde ileile mchezaji wetu alikuwa anakimbilia kituo cha mwisho. Mpaka sasa hatujui kama alifika.

Fundi hakufoka. Afadhali angefoka. Alifunga koki, akaangalia redio inavyolainika kama jibini, akaniuliza kama bibi yangu anapika maharage. Nikasema anapika. Akauliza kama anayachemsha mpaka yanarukia ukutani. Nikasema hapana. "Basi bibi yako ni fundi," akasema, "na wewe ndiwe ukuta." Eti kifuniko kinatakiwa kutetemeka tu. Eti chuma kikishafungua jicho kinakunywa hewa, hewa inakutana na alumini iliyomo ndani, wanazaa uchafu mpya palepale. Eti nimefagia nyumba huku nimeufungulia mlango upepo wa vumbi.

B kumi. A ishirini na tisa. C sikusoma.

Alhamisi, 4 Desemba

Shati limekamilika. Uzi wa dhahabu kifuani, mawaridi mawili mabegani. Bibi amenipima mara tatu, eti shujaa asije akaonekana ana mikono mirefu. Jirani akachungulia dirishani, akauliza zamu gani inaongoza. Bibi akamjibu kwamba hayo ya kuongoza yalishaisha zamani, bendera ni ya mjukuu wake. Nikaenda kuosha vyombo. Vilikuwa safi.

Halafu bahati! Msaidizi wa Injinia Zoraida amekwenda kujifungua. Injinia amebaki peke yake na rundo la vipande. Nikamwendea na tamale sita za bibi, zingali moto ndani ya maganda yao ya mahindi. Nikajitolea kumsaidia kusugua asubuhi, kabla ya zamu yangu ya saa nane mchana. Bure! Kwa mapenzi ya elimu!

Injinia akala tamale moja. Akauliza tangu lini nina mapenzi hayo. Nikasema tangu utotoni. Akala ya pili, akakubali.

Ijumaa, 5 Desemba

Niandike haraka.

Asubuhi Injinia aliitwa mkutanoni. Nikabaki na vipande viwili vya jana, chetu na cha B. Kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye herufi.

Chetu nilikisugua kama sahani ya harusi. Kuna poda nyeupe ya kusugulia. Injinia anaweka chembe tu, halafu anaosha. Ubahili! Mimi niliweka kiganja kizima. Nikaweka kingine. Saa nzima. Sikuosha, nisije nikaondoa mng'aro. Nilijiona sura humo, hata nikachana nywele.

Cha Fidencio nilikipitisha kwenye kitambaa mara mbili. Kibaki na mikwaruzo yake na aibu yake.

Kisha nikachungulia kwa hadubini mwenyewe, nifurahie mapema. Cha Fidencio: madoa sita. Chetu: arobaini na moja.

Arobaini na moja!

Nikahesabu tena. Arobaini na tatu.

Hatua za Injinia zikasikika nje. Mpekuzi, kichwa cha kawaida kingeganda. Changu hakikuganda! Nilibandua karatasi, A nikaipeleka kwa B, B nikaileta kwa A. Sekunde nne. Injinia anaingia, mimi napiga mluzi.

Akachungulia. Akakunja uso. Akachungulia tena. Akaviweka vyote viwili kando. Nikasema moyoni, amepigwa na butwaa la usafi wetu.

Jumamosi, 6 Desemba

Nataka kulala mpaka Pasaka.

Injinia aliniita. Akaniuliza niliweka poda kiasi gani kwenye kile kipande kinachong'aa. Nikasema kiasi cha kawaida. Akageuza kopo juu chini. Halikutoka kitu.

Akaniuliza kama najua poda ile ni nini. Nikasema sabuni. Akafumba macho. Eti poda ile ni alumini iliyokwisha kula hewa. Eti ni kitu kilekile, kilekile kabisa, tunachokihesabu kama uchafu. Nimekishindilia ndani ya chuma kwa saa nzima kwa dole gumba. "Ni kama mtu anayefuta tope kwa tope," akasema, "halafu anajitazama ndani yake na kuchana nywele." Aliona nywele zangu kwenye meza.

Kwa hiyo vipande vyote viwili amevisugua upya mwenyewe, akaviosha, akahesabu. Chenye karatasi ya A: kumi na nane, mengi yalikuwa yamefichwa na mikwaruzo. Chenye karatasi ya B: saba.

Saba! Injinia hajaona saba mwaka huu wote. Akaenda mwenyewe kantini, akatangaza, kila mtu ana kijiko mdomoni.

Umeelewa, Mpekuzi? Chenye karatasi ya B ndicho chetu! Ndicho alichokipika Fundi Ausencio Alhamisi, polepole, bila redio, kwa hasira zake. Chuma safi kuliko vyote vya mwaka, na mimi nimekibandika jina la Fidencio kwa mikono yangu miwili.

Fundi aliinuka. Alivua kofia ngumu, akaenda kumpa Fidencio mkono, akasema kazi kama ile hata yeye hajaifanya siku nyingi. Fidencio akaona haya. Akasema kwa kweli yeye hakufanya lolote la ajabu.

Kweli tupu!

Mdomo nilikuwa nao. Ukweli nilikuwa nao. Havikukutana. Nikala maharage.

Jumatatu, 8 Desemba

Ndugu wamepiga simu. Wameongezeka, ni kumi na saba. Mmoja anakuja na kamera yenye miguu mitatu.

Hila ya tatu. Hii haina kusugua wala koki. Hii ni ya akili.

Keshokutwa ndiyo siku ya mwisho ya kuhesabu. Zamu B inatoka saa nane mchana, na Fidencio ana mazoezi ya matachín saa kumi. Nikamnong'oneza mama wa kantini kwamba mazoezi yamesogezwa, yatakuwa saa saba na nusu, ampelekee habari. Mama wa kantini ukimpa siri inafika kabla hujafunga mdomo.

Fidencio hachelewi mazoezi hata awe na homa. Ataharakisha chungu chake. Atakata zile dakika kumi na mbili ziwe nne. Uchafu utabaki ndani. Namba yake itaruka mpaka darini!

Mtu mwenye haraka haharibiwi na adui, anajiharibia mwenyewe. Nimeitunga sasa hivi. Niiandike mahali.

Jumatano, 10 Desemba

Fidencio hakuharakisha.

Alimkuta Fundi Ausencio, ambaye alikuwa amefika mapema ajaribu redio mpya. Akamwomba kwa heshima amshikie chungu. Gesi ameshaiweka, ni ya kuangalia tu. Fundi akasema kijana anayejua kuacha chungu kwenye mikono salama anastahili kuruhusiwa. Akakaa pale kituo cha kwanza na mbegu zake.

Saa nane ikagonga. Chungu chetu kikafika kituo cha pili. Tani themanini. Cha mwisho cha mashindano! Na Fundi hawezi kuacha cha B katikati, ameahidi. Kati yake na mimi kuna nguzo.

Akaja mbio, akanifungulia gesi mwenyewe, akarudi. Njiani akapaza sauti: "Dakika kumi na mbili, Baldo! Usiguse kitu! Hata ukiwashwa, kajikune nje!"

Naandika yote, ili historia ijue.

Dakika ya kwanza. Sikugusa.

Ya pili. Sikugusa. Nani mwingine angeweza?

Ya tatu. Utando unatetemeka kama kifuniko cha maharage. Vizuri sana.

Ya nne. Si unatetemeka kidogo mno?

Ya tano. Nimezunguka chungu mara sita. Akilini nikaliona lile shati. Nikaiona kamera yenye miguu mitatu.

Ya sita. Pale pembeni kuna mifuko ya alumini. Alumini inakamata hewa, video ilisema. Hewa ikipungua, uchafu unapungua. Hii ni hesabu ya darasa la nne!

Ya saba. Mfuko mmoja.

Ya nane. Ulionekana mpweke. Nikatia wa pili.

Ya tisa. Nikaongeza gesi kidogo, vichanganyike tu.

Jicho.

Fundi alikuja polepole. Akaona mifuko mitupu. Akauliza, kwa upole uliopitiliza, alumini inafanya nini ndani ya chuma. Nikasema inakamata hewa. Akauliza ikishaikamata inakuwa nini. Nikasema inakuwa uchafu. "Kumbe unajua," akasema.

Hilo limeniuma kuliko tusi.

Jioni Injinia akaandika hesabu ya mwisho. Chungu chetu cha mwisho kimetoa thelathini na nane, kwa hiyo wastani wa A ni ishirini na sita. B kumi na moja. Nikainamisha kichwa, na katika kuinama huko, kwa mara ya kwanza tangu Desemba ianze, nikasoma mstari wa tatu.

C: nane.

C! Wamebeba C! Kantini nzima ikalipuka. Msaidizi wao, Macario Ledezma, anafungua gesi kidogo, anakaa kwenye kiti, anasinzia dakika ishirini. Hakuna anayegusa. Injinia akasema ndiyo chuma kilichopumzika kuliko vyote alivyovipima. Macario mwenyewe akapiga makofi peke yake, wengine wamekwisha nyamaza. Alikuwa ameamshwa.

Nimerudi nyumbani nimwambie bibi. Nimelikuta shati limepigwa pasi. Nimesema limependeza.

Ijumaa, 12 Desemba

Mpekuzi, kaa chini!

Asubuhi tumekusanyika lango la kiwanda. Watu elfu mbili. Mimi nimevaa shati, maana bibi alinivisha mwenyewe, nimejibanza nyuma ya lori la kiwanda nikipanga kuzimia. Ikifika saa mbili kamili, nazimia.

Saa mbili kamili. Macario hayupo! Mama yake akatuma mtu kusema wamemmwagia maji mara mbili, amegeukia ukutani.

Basi bendera iende kwa wa pili. Fidencio akaitwa. Akaja na manyoya yake na njuga zake, akasema hapana, yeye anaongoza ngoma mwaka wa sita huu, hawezi kucheza huku ameshika mlingoti. Wala hakuwahi kuitaka. Eti hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hakuwahi kuitaka! Siku kumi nimepigana na mtu asiyejua kuna vita!

Wa tatu kati ya watatu ni nani? Vichwa vyote vikageuka kwenye lori.

Fundi Ausencio alinikabidhi mlingoti mikononi. Kwa sauti ya chini akaniambia kwamba nyuma yangu kuna ngoma, nyuma ya ngoma kuna watu, na kati ya watu kuna vikongwe wenye magoti mabovu. Mpaka kanisani ni dakika arobaini. "Polepole, Baldo. Nakuomba. Kama maharage."

Machozi yalinitoka. Nikaapa. Polepole!

Nikaanza polepole. Hatua kumi. Ishirini. Halafu nikawaza: je, Macario akiamka? Akija na nywele zake zimelowa, akadai haki yake hapahapa, kabla sijafika mtaa wa bibi? Ndugu kumi na saba wananingoja mimi, si yeye! Nikaongeza hatua kidogo. Upepo wa kaskazini nao ukaingia kwenye bendera kwa nyuma, ukanisukuma. Nikasema huu ni msaada wa mbinguni. Nikakimbia.

Nikakata kona ya mtaa wetu kama farasi. Viti vipo! Vimepangwa mstari, kumi na saba! Kamera ipo, imesimama kwa miguu yake mitatu!

Watu hawapo.

Walikuwa uani wanaepua tamale. Mtu hutoka nje akisikia ngoma, na ngoma ilikuwa mitaa saba nyuma yangu. Aliyeniona ni mbwa wa jirani. Hakubweka hata.

Kusimama nisingeweza, upepo. Nikafika kanisani peke yangu. Nilitumia dakika kumi na mbili. Padri alikuwa na ndala anafagia ngazi. Akaniuliza natoka parokia gani.

Baada ya nusu saa ngoma ikasikika. Wakaja, watu elfu mbili, na mbele yao hakuna bendera. Kuna Fidencio anacheza, na pembeni yake bibi yangu na sahani, anamlisha tamale huku anatembea, eti mtoto wa watu atazimia kwa njaa.

Akaniona. Mbele ya ndugu wote akaniuliza nilikuwa wapi, wamekaa kwenye viti mpaka wameota mizizi na bendera haikupita. Nikasema ilipita. Wakacheka, yule wa kamera akakaa chini kabisa. Fidencio ndiye aliyenitetea. "Alipita kweli, bibi," akasema. "Sisi tuliona mgongo wake."

Bibi akanitengeneza ukosi. Akayapapasa yale mawaridi ya begani. Akasema shati limekaa vizuri, pole kwamba ni yeye peke yake aliyeliona. Nikaona aibu, Mpekuzi. Kweli nikaona aibu.

Kwa kama dakika moja.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimetafakari usiku kucha. Nimeelewa makosa yangu yote.

Kosa la kwanza: ngoma. Watu hawatoki bila ngoma. Mwakani nitaifunga ngoma mgongoni mwangu, nibebe na bendera, nipige huku nakimbia. Fidencio abaki na njuga zake.

Kosa la pili: Macario. Anashinda kwa usingizi, basi mimi pia nitalala. Ila yeye anapoteza dakika ishirini. Usingizi huohuo mimi naweza kuulala kwa dakika nne.

Kuna jambo la tatu, dogo. Leo Fundi Ausencio alisimama mbele ya ubao, anatafuna mbegu, anaitazama ile saba ya B. Akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba ni ajabu, Alhamisi ile alisikia chungu chake kinatetemeka vizuri kuliko miaka mingi, angeapa kingetoa saba au nane. Akaniuliza karatasi za vipande zilibandikwa na nani. Nikasema gundi za siku hizi si nzuri. Akasema mm. Akaondoka, mabega yamemshuka kidogo.

Ni chuma chake, Mpekuzi. Miaka thelathini na moja, na siku aliyopata saba alimpa mkono mtu mwingine.

Naweza kesho kwenda kumwambia ana kwa ana. Ni dakika moja, na baada yake pengine narudi kupanga vyuma chakavu uwanjani. Au naweza kufika mapema, kabla mtu hajaingia kantini, nifute B niandike A. Hakuna atakayejua, kila mtu anafurahi, na kwa kuwa nitakuwa nimeshika chaki tayari, ile saba naweza kuifanya sita, kwa heshima ya mzee. Tano hata.

Chaki ninayo mfukoni. Wewe ungefanyaje?